Mwenye maji ya juu asimsahau jirani wa chini: Darsa kutoka mlango wa Mto Tana

SHUKRANI zote njema zinamstahikia Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Kiyama. Amma ba'ad.

Ndugu Waislamu, katika Sura Al-Ankabuut, aya ya 20, Allah (SW) anamuamuru Mtume wake awaambie watu watembee katika ardhi na watazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Amri hiyo ina mambo mawili, kutembea na kutazama. La kwanza sisi wa mijini tunalifanya sana. Tunasafiri kwa harusi, kwa misiba na kwa biashara, na ikifika Idi mosi na Idi pili tunajazana ufukweni. La pili ndilo linalotushinda. Tunafika baharini na redio zetu, tunakula pilau, tunawapiga picha watoto, kisha tunaondoka tukiwa tumeacha chupa na sahani za plastiki mchangani. Ni nadra kumsikia mzazi akimwambia mwanawe maji ya mto ule yanatoka wapi, au mchanga ule umewekwa pale kwa hekima gani.

Leo tunapenda kumwalika msomaji kwenye safari ya namna nyingine. Ni safari ya kwenda mlango wa Mto Tana, huko Kipini, kaskazini mwa pwani ya Kenya, mahali ambapo mto, mchanga na bahari hukutana. Atakayekwenda huko kwa macho yanayotazama atarudi na darsa la tawhidi, na pia darsa la fiqhi linalomhusu yeye mwenyewe kila anapofungua bomba la nyumbani kwake.

Mahali penyewe

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, una urefu wa takriban kilomita 1,000. Unaanzia milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, unapita Garissa, Hola na Garsen, kisha unamwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana. Kabla ya kufika baharini hugawanyika na kutanda juu ya tambarare pana. Humo mna maziwa madogo, vinamasi, malisho, mashamba ya mpunga na misitu ya mikoko. Eneo la hekta 163,600 liliorodheshwa mwaka 2012 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran.

Mgeni akipanda mtumbwi Kipini na kuingia katikati ya mikoko, atawaona viboko na mamba, mwari, korongo na yangeyange. Baadhi ya ndege anaowaona huko ni wahamiaji waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Hakuna aliyewachorea ramani, na kila mwaka wanafika. Katika Sura Al-An'aam, aya ya 38, Allah (SW) anatufahamisha kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma kama sisi tulivyo umma. Basi aliyeko pale ajue kwamba ameingia katika makazi ya umma nyingine, na aingie kwa adabu.

Upande wa baharini kuna vilima vya mchanga vilivyosukwa na upepo, vimefuatana kandokando ya ufuo. Juu yake hutambaa mlakasa, mmea wenye maua ya zambarau ambao mizizi yake huushika mchanga usihame. Kwenye ufuo wa chini kasa hupanda usiku kutaga mayai. Nyuma ya ufuo huo kuna magofu ya mji wa Ungwana, ambao msikiti wake wa Ijumaa ulichimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman katika miaka ya 1950. Waislamu waliswali Ijumaa pale karne nyingi kabla ya Nairobi kuwa mji. Hivyo anayedhani hifadhi za namna hii ni mambo ya watalii wa kizungu tu, akaone kibla cha wazee wake kilivyoelekezwa kando ya mchanga ule.

Kizuizi baina ya maji mawili

Sasa tutazame mchanga wenyewe. Katika Sura Al-Furqaan, aya ya 53, Allah (SW) anataja kwamba Yeye ndiye aliyeziachia bahari mbili, moja tamu ya kukata kiu na nyingine ya chumvi chungu, akaweka baina yao kizuizi. Wafasiri wameieleza aya hii kwa njia mbalimbali. Miongoni mwao Ibn Kathir ameeleza kwamba kizuizi hicho ni ardhi kavu inayotenganisha maji ya mito na visima na maji ya bahari.

Hatusemi kwamba aya imeteremka kwa ajili ya Kipini. Tunachosema ni kwamba aliyesimama juu ya kilima cha mchanga, mbele yake bahari na nyuma yake mabwawa ya maji matamu, ataisoma aya hiyo kwa moyo mwingine. Mchanga ule huzuia mawimbi. Isitoshe, mvua ikinyesha juu yake maji huzama, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi bila ya kuchanganyika haraka. Ndiyo maana kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka baharini huweza kuwa kitamu. Watu wa Lamu wanalijua hili vizuri, maana mji wao umeishi kwa maji ya visima vilivyo katika vilima vya mchanga vya Shela. Anayechota mchanga wa Shela ili ajenge, au anayejenga juu ya vilima hivyo, anaiharibu birika ya mji mzima.

Lakini kizuizi hiki kina sharti lake. Ili maji ya chumvi yabaki mahali pake, maji matamu lazima yaendelee kuteremka kutoka juu. Mto ukipungua nguvu, bahari hupanda ndani ya mto. Wakulima wa Ozi, kijiji kilicho karibu na mlango wa Tana, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji ya chumvi yanapanda na kuua mpunga na miembe yao. Watu hawa hawajakosea kulima. Maji yao yamepungukiwa nguvu mahali ambapo wao hawana amri napo.

Hukumu ya Zubayr

Je, Uislamu unasemaje kuhusu mtu wa juu na mtu wa chini katika mto mmoja? Wengi wetu hatuna habari kwamba jambo hili lilifikishwa mbele ya Mtume (SAW) mwenyewe na akalihukumu.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Zubayr bin Al-Awwaam (RA), mtoto wa shangazi yake Mtume, aligombana na mtu mmoja katika Ansari kuhusu mifereji ya maji ya Harra, Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (SAW) alimtaka Zubayr amwagilie shamba lake kisha ayaachie maji yaende kwa jirani yake. Yule mtu akakasirika, akasema kuwa Zubayr amependelewa kwa sababu ya udugu. Uso wa Mtume (SAW) ukabadilika, ndipo akampa Zubayr haki yake kamili, ayazuie maji mpaka yafikie kingo za shamba, kisha ayaachie. Zubayr mwenyewe alikuwa akidhani kwamba aya ya 65 ya Sura An-Nisaa, isemayo kwamba hawaamini mpaka wamfanye Mtume hakimu katika magomvi yao, iliteremka kwa tukio hilo.

Na katika Muwatta ya Imam Malik na Sunan Abi Dawud imo hukumu nyingine kuhusu mkondo wa Mahzur wa Madina, kwamba wa juu ayazuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, halafu ayaachie yende kwa wa chini.

Tazama uadilifu huo, ndugu yangu. Wa juu ametangulizwa, kwa sababu maji yanamfikia kwanza. Lakini haki yake ina kipimo. Ikishatimia, kinachozidi si chake. Na katika Bukhari imetajwa kwamba miongoni mwa watu ambao Allah hatawatazama Siku ya Kiyama ni mtu aliyekuwa na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri.

Tuipime Tana kwa hukumu hiyo. Katika sehemu za juu za mto yamejengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Hatusemi mabwawa ni haramu. Umeme wake unawasha taa za misikiti na hospitali zetu. Lakini kilimo na ufugaji wa huko chini vilijengwa juu ya mafuriko ya kawaida ya kila msimu. Maji yalitanda, yakaacha rutuba, yakarudi, na watu wakapanda mpunga na nyasi zikaota. Mabwawa huzuia mafuriko madogo yenye faida, na ikija mvua kubwa kupita kiasi, kama mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023 na katikati ya 2024, maji hufurika na kuwahamisha maelfu ya watu. Hapo watu wa chini huwa wamekosa maji wakati wa dhiki na wamepata yasiyozuilika wakati wa mvua. Mwenye kupanga mambo haya ofisini, akiwa Muislamu, aisome hadithi ya Zubayr kabla ya kutia saini.

Damu ya mwaka 2012

Kuna sehemu ya habari hii inayoumiza kuisimulia. Wapokomo ni wakulima wa kandokando ya mto, na Waorma ni wafugaji ambao wakati wa kiangazi huleta ng'ombe wao kwenye delta kwa kuwa malisho ya bara yamekauka. Baina ya mashamba kuna njia za mifugo kufikia mto, zinazoitwa malka. Kwa vizazi vingi wazee wa pande zote mbili walikuwa wakikubaliana nani apite wapi na lini. Waorma karibu wote ni Waislamu, na Wapokomo wengi ni Waislamu pia.

Tarehe 22 Agosti 2012, siku chache tu baada ya Idi-el-Fitri, kijiji cha Riketa kilivamiwa na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Vikafuata visasi vya upande wa pili, kisha visasi vya visasi, hadi mwanzoni mwa mwaka 2013. Kwa jumla watu zaidi ya mia moja walipoteza maisha. Siasa za uchaguzi zilikuwamo, na silaha zilikuwamo. Lakini kuni zilizokuwa chini ya moto huo ni maji, malisho na ardhi.

Mtume (SAW) amefundisha, kama ilivyopokewa katika Sunan Abi Dawud, kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Viwili kati ya vitatu hivyo ndivyo vilivyogombaniwa Tana. Watu waliokuwa wamefunga Ramadhani moja na kuswali Idi moja waliuana kwa kitu ambacho Mtume wao alikwishawaambia ni chao wote. Na sisi wa mijini tulifanya nini? Tulisoma habari katika magazeti, tukasema hao ni makabila, tukafungua ukurasa wa michezo.

Huko Kipini na Ozi ndiko kunakonasibishwa kaburi la Fumo Liyongo. Wazee wanahadithia kwamba Liyongo alipochomwa sindano ya shaba kwa hila ya mwanawe mwenyewe, alikwenda kisimani, akapiga goti na kuvuta upinde, akafa katika hali hiyo. Watu wakadhani yu hai, wakaogopa kwenda kuchota maji, mji ukashikwa na kiu. Liyongo aliuawa kwa khiyana ya jamaa, na adhabu ya kwanza ya mji ikawa ni kukosa maji. Wasimulizi wa zamani walijua walichokuwa wakikisema.

Hima si jambo geni

Wapo Waislamu wanaosikia neno hifadhi wakafikiria askari wa wanyamapori, ada za kiingilio na hoteli za kitalii. Lakini sheria yetu ilikuwa na hifadhi tangu mwanzo, nayo inaitwa hima. Mtume (SAW) aliitenga Naqii kuwa hima, na katika Bukhari imepokewa kwamba hakuna hima ila ya Allah na Mtume wake. Maana yake ni kwamba mkubwa hana haki ya kuzungushia ua ardhi ya umma kwa faida ya tumbo lake.

Umar bin Al-Khattab (RA) alipoweka hima, alimsimamisha mtumwa aliyemuacha huru, aitwaye Hunayy. Alimuusia aogope dua ya aliyedhulumiwa, awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache waingie, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan. Hao walikuwa Maswahaba wakubwa, waliobashiriwa Pepo. Lakini Umar alieleza kuwa mifugo yao ikifa wao wana mitende na mashamba ya kurejea, ama maskini akipoteza vichache alivyonavyo atakuja kwa Khalifa na watoto wake wakilia.

Hiki ndicho kipimo cha kila hifadhi, iwe ya serikali, ya shirika au ya kijiji. Tuulize ni nani anaruhusiwa na ni nani anazuiwa. Hifadhi inayomfukuza mfugaji mwenye ng'ombe watano na kumkaribisha tajiri mwenye helikopta imeupindua wasia wa Umar. Mwaka 2008 mpango wa shamba kubwa la miwa katika delta ya Tana ulipewa kibali cha mazingira. Wananchi walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaagiza utengenezwe mpango wa matumizi ya ardhi utakaowashirikisha wakazi wenyewe. Kudai haki kwa njia hiyo ni jambo la kusifiwa, nalo ni bora mara elfu kuliko panga.

Bomba lako na jirani yako

Msomaji wa mjini asidhani habari hii ni ya watu wa mbali. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka vyanzo vya juu vya Tana, hasa bwawa la Ndakaini kwenye mto Thika. Muislamu anayetawadha Eastleigh au South B anatawadha kwa maji ambayo yangekwenda Ozi. Na uchafu wa Nairobi unafuata njia nyingine: huingia Mto Athi, unaogeuka jina kuwa Galana na mwishowe Sabaki, na kumwagika karibu na Malindi na Mambrui, penye vilima vya mchanga pia. Nairobi inakunywa kutoka mto mmoja na kutupa taka katika mwingine.

Mombasa nayo hunywa maji ya Baricho, kandokando ya Sabaki huohuo. Dar es Salaam inategemea Mto Ruvu, unaoingia baharini karibu na Bagamoyo kwenye mikoko yake. Kila mji wetu una jirani wa chini ambaye hatujawahi kumjulia hali.

Katika hadithi sahihi imekuja kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, kipimo kisichofika lita moja. Sasa nenda msikiti wowote wa mjini adhuhuri ya Ijumaa, usimame kwenye mabomba ya udhu. Utaona mtu anasukutua bomba likiwa wazi, anazungumza na mwenzake bomba likiwa wazi, anapaka maji kichwani bomba likiwa wazi. Bomba bovu linavuja mwezi mzima na kamati ya msikiti inachangisha marumaru ya mihrabu.

Tufanye nini?

Kwanza, twende tukaone. Madrasa zinazowapeleka watoto ufukweni siku ya Idi ziwapeleke pia kwenye mlango wa mto ulio karibu nao, pamoja na mwalimu atakayewasomea Al-Furqaan wakiwa wamesimama juu ya mchanga. Anayekwenda Kipini aulize kwanza hali ya usalama na ya barabara, atumie mtumbwi na kiongozi wa kijijini ili riziki ibaki pale, asikanyage mlakasa, asiguse mayai ya kasa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, lakini chupa bado zipo. Arudi nazo alizokwenda nazo.

Pili, kamati za misikiti zitengeneze mabomba yanayovuja kabla ya kufikiria mapambo, na maji ya udhu yaelekezwe kwenye miti badala ya mtaro.

Tatu, maimamu waifundishe hadithi ya Zubayr mimbarini. Tunazo khutba nyingi za ndoa na mirathi, na ni sawa. Lakini fiqhi ya maji nayo ni dini, na kuiacha kumegharimu roho za Waislamu.

Nne, Waislamu walio katika mabunge, kaunti, halmashauri na mamlaka za maji wajue kwamba wamekaa mahali pa Zubayr. Wana haki ya kumwagilia. Wana wajibu wa kuachia.

Allah (SW) anatuuliza mwishoni mwa Sura Al-Mulk, maji yetu yakizama ardhini, ni nani atakayetuletea maji yanayotiririka? Tunamuomba Mola wetu asituonjeshe jibu la swali hilo. Tunamuomba awarehemu waliouawa Tana, azipatanishe nyoyo za waliobaki, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaochukua kwa kipimo na kuwaachia wenzao. Amin.

Wallahu a'lam.